Gololi ya Milimita Kumi na Tatu

Tarehe 2 Machi

Mdogo wangu Rula,

Nimefukuzwa tena. Hii ni gereji ya tatu, na safari hii hata wiki sikumaliza. Nilikuwa nimelala chini ya gari, masizi mpaka kwenye nyusi, mwenye gereji akanigonga unyayo kwa kiatu. "Toka huko. Wewe ndiye yule fundi wa ekzosi aliyeunguza injini ya mkurugenzi wake?" Nikatoka. Mkononi ameshika karatasi. Ni nakala ya ile taarifa, Rula. Imefika hadi huku ambako barua za maana zinapotea njiani.

Nilikuwa naisikia tu. Leo nimeisoma, mara mbili, nimesimama, wenzangu wananitazama kama mwizi wa kuku. Inasema nilitoa sailensa kwa uzembe na kufunga bomba pana bila idhini. Inasema niliondoa "mbano wa moshi ambao kila injini inauhitaji", ndipo vali zikaungua.

Bila idhini! Ngurumo, mkurugenzi mwenyewe, siku ile alisimama nyuma yangu na funguo kidoleni, anasema anataka watu wasikie anakuja kabla hawajamwona. Nikamwambia: bosi, injini haihitaji kubanwa, hakuna kiumbe anayehitaji kubanwa. Inachohitaji ni moshi utoke kwa kasi. Bomba likiwa jembamba mno, inakosa pumzi. Likiwa pana mno, moshi unazubaa humo ndani, na gari linakosa nguvu kwenye mwendo mdogo. Na ukishafungua njia ya moshi, hewa inaingia nyingi kuliko mafuta, kwa hiyo nipe siku mbili nirekebishe kabureta, la sivyo utachoma vali. Akacheka. Akapanda gari, akaenda mwendo wa saa tatu barabara kuu, akarudi anavutwa kwa kamba.

Kuanzia kesho nitachomelea madirisha kwa jamaa mmoja hapa. Madirisha hayasomi taarifa.

Wewe uko ofisini humo humo. Nitafutie jambo moja tu: nani aliiandika. Ngurumo hawezi kuandika sentensi mbili zikashikana. Kuna mtu alimshikia kalamu. Nikimjua sitamgusa hata ukucha. Nitampa kile kile alichonipa mimi: karatasi ya kumtoa kazini.

Mwambie Mama mimi mzima. Barua mpe dereva wa saruji, yule Mzee Breki, anapita huku kila wiki.

Kaka yako

*

Tarehe 6 Machi
(Haikutumwa. Imebaki ndani ya kamusi.)

Kaka,

Ni mimi.

Aliniita ofisini kwake saa nne (4) asubuhi. Akafunga mlango, akasimama nyuma ya kiti changu na kusema maneno, nami nikayapiga kwenye taipureta. Harufu ya kahawa yake ilikuwa shingoni mwangu. Alipofika kwenye "bila idhini" vidole vyangu vilisimama. Akasema, "Karani, kuna tatizo?" Nikasema hakuna.

Nilikuwepo Kaka, siku uliyomwambia habari ya kabureta. Nilikuwa mlangoni nimeshika kitabu cha kutolea vifaa. Nilisikia siku mbili (2). Nilisikia vali. Hata yeye anajua nilisikia, na nadhani ndiyo maana alinichagua mimi.

Nilifikiri nikikataa tutafukuzwa wote wawili (2) siku moja, na Mama anakaa kwangu. Hayo ndiyo niliyofikiri. Nimeyaandika hapa nione yanafananaje yakiwa kwenye karatasi. Hayapendezi.

Mdogo wako

*

Tarehe 7 Machi

Kaka,

Shikamoo. Barua yako imefika salama, ingawa Mzee Breki aliikalia na ina alama ya kitako chake. Mama anakusalimu. Ameniuliza kwa nini nimenyamaza tangu niisome, nikamwambia jino.

Kuhusu uliyoniuliza: taarifa nimeiona kwenye jalada. Haina jina la aliyeiandika, ina saini ya Mkurugenzi peke yake. Nitaendelea kuulizia, lakini kwa uangalifu, kwa sababu hapa kuta zina masikio na msimamizi wetu ana manne (4).

Habari nyingine. Lile gari limewekewa injini nyingine, na fundi mpya, tunamwita Mpole, amelifungia bomba la kawaida la milimita arobaini na nane (48) na sailensa ya zamani. Mkurugenzi hana raha. Jana alizunguka nalo uwanjani akashuka amenuna. "Gari gani hili, linanong'ona kama mke wa pili." Tarehe 12 Aprili tunafungua bohari mpya kule kilimani. Yeye ataongoza msafara kwa gari hilo, malori kumi na mawili (12) nyuma yake, na wageni wakimngoja juu.

Ile sailensa ya zamani imetobolewa na kutu. Mpole ameomba nyingine, na kutafuta vifaa ni kazi yangu. Nimefikiri, kwa kuwa wewe una mashine ya kuchomelea na mkono wako naujua, kwa nini kazi hiyo usiifanye wewe? Sitaandika jina lako popote.

Mdogo wako

*

Tarehe 14 Machi

Rula,

Umeniletea zawadi na wala hujui. Au unajua? Wewe mtoto tangu zamani ulikuwa unajifanya kondoo. Ulikuwa unapima kwa rula vipande vya mkate vya Mama, halafu mimi ndiye napigwa kwa kula kikubwa.

Sailensa nitaitengeneza. Nje itang'aa kama ya dukani. Ndani, baada ya kona ya kwanza ambako jicho halifiki, nitachomelea bati lenye tundu. Bomba lao ni arobaini na nane. Tundu langu litakuwa ishirini na nne, nusu kamili. Sikiliza kwa nini.

Gari likitembea taratibu moshi ni kidogo, unapita tunduni bila ugomvi. Mpole ataliwasha, atalizungusha uwanjani, atasema safi. Barabara tambarare, safi. Lakini kwenye kilima injini inataka kutoa moshi mwingi kwa mara moja. Utagonga lile bati na kurudi nyuma. Moshi mchafu utabaki ndani ya silinda, hewa mpya itakosa nafasi, na kadiri atakavyokanyaga ndivyo gari litakavyozidi kuhema. Huo ndio mbano wenyewe aliouandika kwenye taarifa yake. Anasema kila injini inauhitaji. Basi mimi nitampa, na kilo ya nyongeza.

Hatakufa mtu. Litasimama tu, katikati ya mlima, wageni wanatazama. Nataka asimame pale jua limemwangazia usoni, atafute wa kumlaumu.

Sailensa italetwa na Mzee Breki. Wewe iandike kwenye kitabu chako, tia saini, mpe Mpole. Basi.

Na lile jina? Siku zinakatika. Jambo moja nimeliona kwenye taarifa: aliyeandika anajua vipimo. Ngurumo angesema "bomba kubwa" tu. Huyu ameandika milimita sabini na sita. Mtu makini sana. Hebu fikiri, nani humo ofisini ni makini hivyo?

Kaka yako

*

Tarehe 22 Machi

Kaka,

Sailensa imefika. Mzee Breki aliibeba mapajani njia nzima, anasema ni kama kumpakata mtoto wa kigogo. Rangi nzuri, mshono mzuri. Niliiandika kitabuni: sailensa moja (1), imepokelewa. Nilikuwa nimeshika kalamu kutia saini ya kuitoa.

Lakini unanijua. Siwezi kutia saini kitu ambacho sijakipima.

Saa ya chakula wenzangu walipotoka nilifunga mlango wa stoo. Tuna kasha la gololi za beringi, zimepangwa kwa ukubwa, kila moja ina kipande chake cha karatasi chenye namba niliyoandika mimi. Nilichukua ya ishirini na tatu (23), nikaitumbukiza, nikainamisha sailensa ipite kona. Ikakwama. Nikadhani nimekosea kuinamisha. Nikaigeuza, ikatoka. Nikajaribu ya ishirini (20). Ikakwama. Kumi na sita (16), ikakwama. Kumi na tatu (13), ikakwama. Kumi na moja (11) ikapita, ikadondoka upande wa pili, ikabingirika chini ya kabati. Nilipiga magoti kuitafuta na sikuinuka mara moja.

Uliniambia ishirini na nne (24). Umeweka kumi na mbili (12).

Nilikaa sakafuni nikapiga hesabu. Ukipunguza upana wa tundu kwa nusu, njia ya moshi inabaki robo. Hiyo ndiyo uliyonielezea: taratibu sawa, kilimani taabu. Ukiupunguza mpaka robo, njia inabaki sehemu moja ya kumi na sita (1/16). Gari la namna hiyo haliendi kilimani, Kaka. Haliendi popote. Mpole angeliwasha hapo hapo uwanjani, angekanyaga, lingekohoa na kuzima. Kabla chai haijapoa angekuwa amefungua sailensa, amechungulia kwa waya na tochi, ameikata. Na swali la kwanza lingekuwa moja tu: nani aliyeitoa hii stoo? Saini hiyo hapo.

Tundu la ishirini na nne (24) lilikuwa la Mkurugenzi. La kumi na mbili (12) ni langu.

Kwa hiyo unajua.

Ndiyo, niliandika mimi. Nilikuwa mlangoni siku ile, nilikusikia ukimwonya, na nikaandika kwamba hukuonya. Barua ya kukueleza nimekuwa nayo tangu tarehe 6, imo ndani ya kamusi. Nitaiambatanisha, ingawa haina faida tena. Niliogopa kupoteza kazi na niliogopa uso wake. Hivi sasa nakuogopa wewe pia, lakini nimekasirika zaidi ya ninavyoogopa, na jambo hilo ni geni kwangu.

Ulimwandikia Mama wiki ile ile kwamba unamshukuru Mungu kwa kuwa ana mimi. Nilimsomea mimi mwenyewe, kwa sauti.

Rula

*

Tarehe 27 Machi

Rula,

Barua yako haikuwa na shikamoo. Ni ya kwanza maisha yetu yote.

Nilikujua kwenye mstari wa pili. "Bomba la milimita sabini na sita, mabano, saba sita." Nani duniani anaandika namba mara mbili, kwa maneno kisha kwa tarakimu, kama mtu anayeogopa Mungu hatamwelewa? Tangu darasa la tatu. Nilisimama pale gerejini na karatasi mkononi, na mwenye gereji alidhani nimeduwaa kwa aibu. Nilikuwa namwona mdogo wangu kwa nyuma, ameinama, anahakikisha mabano yamefunga.

Nilikuuliza nani aliiandika ili useme. Ungesema kwa barua ya kwanza tu, ningetukana, ningevunja kitu, yangeisha. Ukaniandikia habari ya kuta zina masikio.

Ndiyo, nilikata kumi na mbili. Nilikata ishirini na nne kwanza, bati likawa zuri. Nikalitupa nikaanza jingine. Nilitaka uitwe, ufungiwe mlango, usomewe karatasi usiyoweza kuijibu. Siku moja tu uonje.

Sikumfikiria Mama. Nasema uongo, nilimfikiria, nikakata hivyo hivyo.

Sasa fanya utakavyo. Barua yako ya kwenye kamusi nimeisoma. Sijui niiweke wapi.

Kaka yako

*

AGIZO LA KAZI
Tarehe 2 Aprili
Limepigwa chapa na Karani, nakala tatu (3)

1. Sailensa mpya haikupatikana kwa wakati.

2. Mkurugenzi ameagiza bomba la moshi la milimita arobaini na nane (48) litolewe, na badala yake lifungwe bomba la milimita sabini na sita (76), bila sailensa yoyote, kuanzia kwenye injini hadi nyuma.

3. Fundi ameeleza, mbele ya Mkurugenzi na Karani, kwamba kabureta ni lazima irekebishwe ili mafuta yalingane na hewa, kazi ya siku mbili (2), na kwamba gari likiendeshwa mwendo mrefu kabla ya hapo vali zitaungua.

4. Mkurugenzi ameagiza kabureta isiguswe. Maneno yake: "Mafundi wote mnaimba wimbo mmoja."

Saini ya Mkurugenzi: (imetiwa)
Saini ya Fundi: (imetiwa)
Saini ya Karani: (imetiwa)

*

Tarehe 3 Aprili

Kaka,

Ndani ya bahasha kuna nakala. Isome kabla hujaendelea.

Umesoma? Sasa sikiliza. Sailensa yako haikufika kwa Mpole. Niliifuta kitabuni kwa wino mwekundu, "ina kasoro", nikaipeleka nyumbani. Mama anaitumia kuegemezea mlango wa jikoni usijifunge. Anaisifu.

Nilimwambia Mkurugenzi haikupatikana. Nilijua atasemaje. Alipiga meza kwa furaha: "Kama haipo, haipo! Toeni yote. Nataka lile bomba langu." Ni kweli alisema hivyo, na wewe ulipolifunga mara ya kwanza alisema hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba mara ya kwanza hakuna aliyeandika.

Mpole akamwambia habari ya kabureta, karibu neno kwa neno kama ulivyosema wewe, kwa sauti yake ile ya kuomba radhi. Mkurugenzi akacheka kile kile kicheko. Nilikuwa mlangoni, pale pale, kitabu mkononi. Nilirudi mezani nikaandika kila neno. Ananipokea karatasi kama anayefukuza nzi, anatia saini bila kusoma. Hajawahi kusoma nilichoandika tangu nianze kazi. Nilisimama mbele yake jasho linashuka ndani ya mikono ya gauni, nikamwona anatia saini mara tatu (3).

Nakala moja (1) ni ya jalada, moja (1) ni yako. Ya tatu nimempa Mpole, nikamwambia aiweke kwenye kofia na asiivue kofia mpaka tarehe 12. Hili silifanyi kwa ajili yako peke yake. Sitaki fundi wa pili afukuzwe kwa taipureta yangu.

Kuanzia leo ningeweza kumwonya. Nikigonga mlango na kusema, "Mkurugenzi, soma kifungu cha tatu (3)," labda angesikia. Kila siku nitapita mbele ya mlango huo. Sitagonga.

Niambie jambo moja la kifundi tu. Kutoka hapa hadi kilimani ni mwendo wa saa tatu (3). Zinatosha?

Rula

*

Tarehe 8 Aprili

Rula, damu yangu,

Zinatosha. Zinatosha na chenji inabaki.

Nimecheka mpaka mwenye madirisha akazima mashine kunitazama. Saini yake mwenyewe! Mara tatu! Mimi nilihangaika na bati na tundu kama mwizi, wewe umemwachia ajifunge kamba mwenyewe, na fundo ukampimia.

Sikiliza itakavyokuwa. Saa ya kwanza atafurahi, sauti itamjaa kifuani. Mafuta ni haba, moto unakuwa mkali, na vali za kutolea moshi ndizo zinazoukalia. Saa ya pili zitaanza kuliwa ukingoni. Utasikia ekzosi inapiga mlio mkavu mara moja moja, pa, kisha kimya, kisha pa pa. Ndipo afike kilimani. Pale atapunguza mwendo, na lile bomba pana litamnyima nguvu anapoihitaji. Atakanyaga. Vali hazifungi tena. Kwaheri.

Usimwonye. Hata akikuita binti yangu. Hata ukimwona ameshikwa na mafua ukamhurumia, najua moyo wako. Kumbuka mimi nimelala chini ya gari na kiatu kinanigonga unyayo.

Sasa tuko sawa, si ndiyo? Mambo ya tundu tuyazike. Wewe ulinikosea, mimi nilitaka kukukosea, sasa wote tunamla yeye. Ukiniandikia, anza na shikamoo, nimeikumbuka.

Kaka yako akupendaye

*

Tarehe 15 Aprili

Kaka,

Nitaeleza kwa mpangilio, kwa sababu utaulizwa na ni vizuri ujue yaliyotokea kama yalivyotokea.

Asubuhi ya tarehe 12, kabla ya kuondoka, nilipitia posta. Nilikuwa na bahasha kumi na moja (11). Ni zile gereji zile zile zilizopelekewa taarifa ya kwanza, maana orodha niliiandika mimi. Ndani ya kila bahasha kulikuwa na nakala ya agizo, niliyoipiga upya kutoka ile ya jalada, na ukurasa mmoja (1) unaosema: mimi karani niliyeandika taarifa juu ya fundi fulani nilikuwepo, nilimsikia akimwonya Mkurugenzi, na niliandika kinyume. Chini nimetia jina langu lote. Nilizitupa sandukuni kabla gari halijawashwa, ili nisije nikasema baadaye kwamba nilingoja nione.

Nilipanda lori la mbele na Mzee Breki, nyuma ya gari lake kabisa. Yalikuwa kama ulivyosema. Saa ya kwanza watu waliziba masikio barabarani, yeye anawapungia. Kwenye saa ya pili nikasikia pa. Mzee Breki akasema, "Mkurugenzi anatupigia mizinga." Nilishika ukingo wa kiti.

Kilimani alifika nusu. Wageni walikuwa juu chini ya turubai, tunawaona wanasimama kumpokea. Gari likakohoa, likapiga mlio mmoja (1) mkubwa, likazima. Likaanza kurudi nyuma kidogo, akavuta breki ya mkono. Malori kumi na mawili (12) yakasimama mlimani mkiani mwake, na wa nyuma, wasiojua kitu, wakaanza kupiga honi. Mzee Breki akazima injini, akatoa karanga. "Bosi ameamua tupumzike."

Alishuka. Jua lilikuwa usoni mwake, ulivyotaka. Alimwita Mpole kwa sauti iliyofika kwenye turubai: "Wewe! Umelifanya nini gari langu?" Nilimwona Mpole anashuka lori la tatu, polepole, anavua kofia. Nilidhani atampa karatasi tu. Hakumpa. Aliifungua akaisoma, kwa sauti, kidole kinafuata mstari, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Alipofika "mafundi wote mnaimba wimbo mmoja", mtu mmoja juu kule akacheka. Kisha wengine.

Mkurugenzi akamnyang'anya karatasi, akaisoma kwa mara ya kwanza. Akauliza, "Nani ameandika hii?"

Nikafungua mlango wa lori. Nikasema, "Mimi. Na ile ya kwanza pia niliandika mimi. Hii ndiyo ya kweli."

Nilitamani kuona haya kwa jinsi nilivyofurahi, na sikuona.

Jana alinifukuza. Na kwa kuwa hakuna mwingine anayejua taipureta, barua ya kunifukuza niliipiga mimi. Alisimama nyuma ya kiti kama siku ile, akataka niandike "kwa uzembe". Niliandika "kwa kuandika agizo la Mkurugenzi kama alivyolitoa". Akaitia saini. Bado hasomi. Nakala iko hapa nyumbani, Mama ameiweka pamoja na vyeti vyangu vya shule.

Leo asubuhi imekuja barua ya mwenye ile gereji ya tatu. Anakutaka urudi, na anasema ile ya kiatu umsamehe. Nimeiweka ndani ya bahasha hii. Jina lako limesafishwa, Kaka, na nililichafua mimi. Hilo deni nimelimaliza.

Kazi sina. Mama anajua kila kitu. Nilimsomea barua zako zote na nakala za zangu zote, hata ile ya kwenye kamusi. Alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaiondoa ile sailensa mlangoni, akaiweka nje uani. Anataka uje ueleze mwenyewe.

Umesema sasa tuko sawa. Hatuko. Mimi nilimwogopa mtu mwingine, nikakuumiza wewe. Wewe ulikaa chini, ukakata tundu la Mkurugenzi likawa zuri, ukalitupa, ukakata langu. Nimejaribu kuyafanya hayo mawili (2) yawe kipimo kimoja na yamekataa.

Ukija, shikamoo utaipata mlangoni, kwa sababu nimelelewa. Mengine utayangoja.

Ndani ya bahasha, chini kabisa, nimekutia kitu kidogo ndani ya karatasi. Usikitupe. Niliinunua kihalali kutoka stoo siku yangu ya mwisho na kuiandika kitabuni: gololi moja (1), milimita kumi na tatu (13). Ndiyo ya mwisho iliyokataa kupita.

Rula